Kuchukua kitu kwenye meli iliyozama: yaliyonikuta na bolti

Mkuu, umeuliza kama kuna ubaya kung'oa kile kidude cha shaba ulichokiona kwenye meli ya Great Northern, kwa kuwa wenyewe walishakufa na bahari inakila kila siku. Nakujibu kama mtu aliyewahi kuchukua.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, ndiyo kwanza naanza kuwaongoza wageni kupiga mbizi hapa Unguja. Meli yenyewe, kama unavyojua, ilikuwa ya kutandaza nyaya za mawasiliano baharini, ikapanda mwamba mwaka 1902. Siku moja nikachokoa kwa kisu bolti nene ya chuma iliyovaa ganda la chokaa, nikaificha mfukoni. Nyumbani nikaligonga ganda kwa nyundo. Ndani nyeusi, safi, utadhani imetoka kwa fundi jana! Nikaiweka juu ya kabati la vyombo.

Miezi mitatu haikutimia ikaanza kutoa jasho la rangi ya chungwa, kisha ikachanika magamba kama kitunguu. Mama akaifagia, na maneno nikayapata kwa kitambaa chake kilichoharibika.

Baadaye mtu wa makumbusho akanieleza kwamba chuma kilichokaa baharini kimeshiba chumvi, na kikikutana na hewa ndipo kutu inapokila kwa kasi. Wao hukiloweka kwenye maji ya dawa miezi, pengine miaka, ndipo kikauke. Kwa hiyo hilo la "bahari inakila" silikubali tena. Ile bolti ilikaa baharini karibu karne nzima. Kwangu haikumaliza mwaka.

Shaba yako ingedumu, sikatai. Lakini tazama Mombasa. Manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama 1697 mbele ya Fort Jesus wakati Waomani wameizingira ngome. Wapiga mbizi wa kawaida ndio walioiona miaka ya 1960. Wangeweza kugawana vyombo wakanyamaza. Wataalamu walipoichimba kati ya 1977 na 1980, kila kitu kilipimwa kilipolala kabla ya kuinuliwa, na leo vingi viko makumbusho ya ngome ileile, mtoto wa shule anavitazama. Kidude chako kikifika sebuleni kwako, nani atajua kilikaa upande gani wa meli?

Mkataba wa UNESCO wa 2001 unazungumzia mabaki yaliyokaa majini miaka 100 au zaidi: kwanza yaachwe yalipo, na yasifanywe biashara. Utaniambia wakubwa walishavuna zamani. Kweli. Manowari Pegasus ya Waingereza, iliyopigwa hapa bandarini na Wajerumani 1914, iliuzwa chuma chakavu. Hilo linaniudhi hata mimi, hasa ukikumbuka kwamba mabaharia wake wamezikwa pale kisiwani Chapwani. Na sisi tuna Spice Islander, meli ya abiria iliyozama 2011 na watu wetu ndani. Kule hakuna anayefika, lakini mtu angekuja na kiatu cha kutoka mle akakiita kumbukumbu, tungemfanya nini?

Piga picha, weka kisu pembeni kionyeshe ukubwa, andika kina, ukiache. Ukija tena nitafute tushuke pamoja. Tundu nilipochokoa ile bolti bado lipo, kaa mdogo ameshahamia.