Kubadilisha filta ya gia boksi ya otomatiki nyumbani: kazi iko kwenye kipimo

Kabla hujanunua filta, hakikisha gari lako lina filta unayoweza kuifikia. Gia boksi nyingi za otomatiki zina sampu, yaani bakuli la oili, kwa chini. Ukiishusha unaiona filta imekaa juu yake. Lakini zipo ambazo filta imefichwa ndani kabisa na haitoki mpaka gia boksi ishushwe na kufumuliwa, na hizo nyumbani utabadilisha oili tu. Nyingine, kama ya gia nane ya kampuni ya ZF, filta imeundwa pamoja na sampu ya plastiki, kwa hiyo unanunua sampu nzima.

Kitabu cha gari kitakuambia yako ni ipi, na hicho hicho ndicho cha kufuata kwenye aina ya oili. Usiende kwa rangi. ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) nyingi ni nyekundu, na wekundu huo haukuambii lolote kuhusu kilichomo. Oili ya CVT (gia boksi isiyo na gia za hatua) haiingii kwenye otomatiki ya kawaida, na Toyota inayotaka ATF aina ya WS haipewi aina ya Dexron III kwa sababu tu ndiyo iliyopatikana.

Gari lilale sawa, lisiinamie mbele wala nyuma, na likae juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, haimlindi mtu aliye chini ya gari. Oili iwe vuguvugu ili itiririke vizuri, ila gari likitoka safarini lisubiri kwanza, maana ATF ya moto inababua ngozi.

Ukishaingia chini, kama gari halina dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya gia boksi, anza na boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Wengi hufanya kinyume. Sasa fikiria umeshamwaga oili yote, halafu boliti ya kujazia imeshikwa na kutu na haizunguki: gia boksi ni tupu, na hata kuliendesha gari mpaka kwa fundi huwezi. Hakikisha pia unachofungua ni cha gia boksi. Kuna magari ambayo boliti ya oili ya injini au ya difu iko karibu sana na hiyo, na mtu humwaga oili isiyohusika.

Kama hakuna boliti ya kumwagia, legeza boliti zote za sampu, kisha toa za upande mmoja na uache za upande wa pili zimeshika kidogo. Sampu itainama na oili itamwagikia kona moja badala ya kukumwagikia usoni. Oili yote iingie kwenye chombo chenye alama za lita, kisha andika kiasi kilichotoka. Namba hiyo utaihitaji baadaye.

Usikimbilie kuosha sampu. Ndani kuna sumaku moja au zaidi, na zitakuwa zimevaa tope jeusi au la kijivu. Lichukue kwa vidole ulisugue: likiwa laini kama uji, huo ni msago wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kimoja kimoja, au oili imekuwa ya kahawia na inanuka kuungua, tatizo limeshapita filta. Kama gia zilikuwa zinateleza kabla hujaanza, usitegemee filta mpya izirudishe.

Filta iko upande ambao pampu inavuta oili, ndiyo maana oringi yake (mpira wa duara wa kuziba) ina umuhimu kuliko udogo wake. Ukivuta filta ya zamani, oringi mara nyingi hubaki juu kwenye tundu. Mulika tochi uitafute. Ukiisahau na kusukuma mpya juu yake, filta haitakaa sawa. Pampu itavuta hewa pamoja na oili, na gia zitachelewa kuingia. Ipake oringi mpya ATF kidogo kisha isukume kwa mkono mpaka ikae.

Osha sampu na sumaku, ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Gasketi ya zamani ikiwa imeganda kwenye alumini, ibandue kwa kitu cha plastiki, bisibisi itaacha mkwaruzo utakaovuja. Sampu za gasketi ya mpira hazitaki silikoni. Silikoni iliyozidi hubanwa kuelekea ndani, inakatika, na kituo chake cha kwanza ni filta uliyoweka sasa hivi. Boliti za sampu nyingi hukazwa kwa takriban niutoni-mita 10 tu. Mkono uliozoea nati za tairi utazikata. Kaza kwa kuvuka upande mmoja hadi mwingine, kidogo kidogo.

Sasa kipimo. Rudisha kiasi kile kile kilichotoka, ukijua ni mwanzo tu, kwani huenda oili ilikuwa imepungua tangu awali. Washa injini, kanyaga breki, pitisha gia kutoka P hadi ya mwisho na kurudi, kila moja sekunde chache. Magari mengi yenye dipstiki hupimwa injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa na joto lake la kazi, ingawa Honda nyingi hupimwa baada ya kuzima. Yasiyo na dipstiki yana boliti ya kipimo: injini ikiwa imewashwa na oili imefika joto lililoandikwa, ambalo mara nyingi huwa kati ya nyuzi 30 na 50, unaifungua. Oili ikitoka kama uzi mwembamba kisha ikaanza kudondoka, funga. Isipotoka kabisa, ongeza. Joto hilo lisome kwa skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), usilikadirie kwa kugusa.

Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu, na povu halishiki presha. Dalili zinafanana, ndiyo maana mtu huongeza oili pale alipotakiwa kuipunguza.

Kwa kushusha sampu umebadilisha sehemu tu ya oili, pengine theluthi hadi nusu, kwa sababu iliyobaki iko kwenye toki konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi) na mabomba ya kupozea. Kama iliyotoka ilikuwa chafu sana, liendeshe gari siku kadhaa kisha umwage na kujaza tena, safari hii bila kugusa filta. Sampu ichungulie kila asubuhi siku hizo, hasa pembeni mwa boliti za kona.