Wati 500, mji uko kilomita 30: mawimbi yanapotelea wapi?

Mkuu, umeuliza kuhusu transmita ya redio ya FM ya wati 500 kwenye 98 MHz, kebo ya nusu inchi mita 70, dipoli nne (antena za fimbo mbili) mlingotini kwa mita 60, na mji ulio km 30 kwenye tambarare. Hesabu ya anga tupu, yaani bila ardhi wala kizuizi chochote, inakupa mawimbi ya kumwaga, ila redio za mjini zinakwaruza. Hesabu iko sawa, tatizo ni kwamba mawimbi yako hayapiti kwenye anga tupu.

Anza na vinavyopimika. Kebo ya povu ya nusu inchi hupoteza takriban dB 2.2 kwa mita 100 (dB ni desibeli: kupungua 3 ni nguvu kubaki nusu, kuongezeka 10 ni nguvu mara kumi), kwa hiyo mita 70 ni dB 1.5. Weka 0.5 ya konekta na kigawanyio kinachogawia dipoli nguvu, jumla 2. Dipoli nne kinadharia zinaongeza dB 6 juu ya dipoli moja. Hesabu 5, maana mlingoti nao unakula. Wati 500 ni dB 3 chini ya kilowati. −3 −2 +5 = 0, yaani ERP yako (nguvu inayorushwa hewani baada ya kuhesabu kebo na antena) ni kW 1.

DB za kebo usiziamini mpaka uzipime. Funga dami lodi (mzigo wa kupimia unaokaa badala ya antena) ya ohm 50 huko juu, pima nguvu ncha zote mbili: zikiingia wati 500, zitoke kama 350. Zikitoka 250, kebo imeshakunywa maji, na mara nyingi yanaingilia konekta ya juu. Mkanda wa mpira uzungushe kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie uliotangulia kama mabati yanavyolaliana. SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi toka antenani, 1 ikiwa ndiyo safi) inayosomwa kwenye transmita pia inadanganya: kebo inayopoteza dB 3, hata antena ikikatika kabisa, mita itasoma 3 tu, kwa sababu mawimbi yanayorudi yanapotea tena njiani.

Sasa njia yenyewe. Kwa anga tupu, nguvu ya mawimbi yanapofika (E) ni:

E = 106.9 + 10 log ERP (kW) − 20 log km

Kwa km 30 ni 77.4 dBµV/m (kipimo cha nguvu ya mawimbi hewani). Mwongozo wa ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), BS.412, unataka 54 kwa stereo vijijini, 66 mijini na 74 miji mikubwa, antena ya kupokelea ikiwa mita 10 juu ya ardhi. Unaona umezidi, sivyo? Lakini wimbi lako lina urefu wa mita 3.06, na eneo la kwanza la Fresnel (nafasi inayozunguka mstari wa mawimbi, inayotakiwa iwe wazi) katikati ya njia lina nusu kipenyo cha mita 150 hivi. Ardhi yote ile imo ndani yake, kwa hiyo kuuona mnara kwa macho si hoja. Wimbi linaloakisiwa na ardhi linafika kinyume na lile lililonyooka, yanauana. Kipunguzo chake (h1 ni kimo cha antena yako, h2 cha antena ya kupokelea, λ urefu wa wimbi, d umbali, zote kwa mita):

4π × h1 × h2 ÷ (λ × d) = 4π × 60 × 10 ÷ (3.06 × 30,000) = 0.082

Hiyo ni dB −21.7. Unabakiwa na 55.7: kijijini umepita kwa nywele, mjini umepungukiwa dB 10. Na redio ya mezani, mita 1.5, toa nyingine 13 kwa masahihisho ya P.1546 (mwongozo mwingine wa ITU), kabla hujagusa ukuta.

(Kukiwa na kilima katikati, hesabu hii iache. Kilele chembamba kinachogusa tu mstari kinakula dB 6 za anga tupu. Kikiupita kwa mita 50, km 10 toka mnarani, ni 10. Vilima halisi si vyembamba hivyo, tumia programu ya Radio Mobile na ramani za SRTM za miinuko ya ardhi.)

Kuzipata dB 10 kwa nguvu peke yake ni transmita ya kW 5, na umeme wake. Kupandisha antena hadi mita 120 kunakupa 6, sawa na nguvu mara nne, ila kwa kebo ileile mita 60 za ziada zitakula 1.3. Badili iwe ya inchi 7/8, inayopoteza kama 1.2 kwa mita 100, na upotevu unarudi ulipokuwa. Kisha zima stereo: kiwango cha mjini kwa mono ni 60, nawe utakuwa na 61 na ushei.