Waini ya zamani inanuka lami: imeharibika?

SWALI: Shikamoo mzee. Mgeni wetu Mwitaliano alituachia chupa mbili za waini nyekundu, zimeandikwa Barolo 2008. Moja tumeifungua Jumapili. Wekundu umepauka kama tofali la kuchoma, chini kuna tope, inanuka lami, na utamu hakuna hata chembe. Ulimi ulikakamaa. Mume wangu akatia soda kwenye glasi yake. Hii ya pili niimwage? – Mama wa Kiloleni, Tabora

JIBU: Marahaba mama. Usiimwage! Na hiyo soda ya baba tumsamehe, ila asirudie.

Pua yako ni nzuri kuliko unavyodhani. Lami na waridi kavu ndizo harufu zinazoipa sifa Barolo huko kwao Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Inatengenezwa kwa zabibu ya aina moja tu, Nebbiolo, na ikizeeka inaongeza harufu ya ngozi, uyoga na tumbaku. Mimi nimekulia Urambo, kwenye tumbaku ya mvuke. Siku ya kwanza kunusa Barolo kuukuu nilikuwa mhudumu wa hoteli Dar. Mteja kabakiza kidogo kwenye glasi, nikainusa nikielekea jikoni. Nikajikuta mlangoni mwa bani la baba, lile banda la kukaushia tumbaku kwa joto, alfajiri, moto umeshazimwa, majani yananing'inia kwenye fito yakivuta unyevu ili yasivunjike. Siyo moshi wa sigara, la! Ni ule utamu-utamu wa jani lenyewe, kama asali iliyo chumba cha pili. Mtu wa Tabora hafundishwi harufu hiyo.

Kilichokukakamaza ulimi ni ukakasi, uleule wa zambarau changa au chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake. Unatoka kwenye maganda na kokwa, na Nebbiolo inao mwingi mno. Ndiyo maana sheria yao hairuhusu Barolo kuuzwa kabla ya miezi 38, na 18 kati ya hiyo ikae kwenye pipa la mbao. Miaka ikienda, ukakasi na rangi hushikana, vikawa vizito, vikatuama. Hilo ndilo tope lako: rangi uliyoikosa kwenye glasi ilikuwa imelala chini ya chupa. Ingawa Nebbiolo haina rangi nzito hata ikiwa changa.

Utamu haupo kwa sababu hamira imekula sukari ya zabibu ikaigeuza kilevi, asilimia 13 au zaidi. Sisi tumezoea zile tamu za Dodoma. Tena tumeona wanzuki ikikaa siku chache inavyokuwa kali, basi tukisikia waini ya miaka mingi tunawaza siki. Ingeharibika kweli ingenuka siki hiyo, au boksi lililolowa mvua. Nami nimewahi kuua chupa moja: niliisimamisha juu ya friji miaka miwili, kizibo kikakauka, joto likaipika. Ikanuka jamu iliyoungua.

Kwa hiyo ya pili ilaze chini, chumba chenye ubaridi na giza, na usiihifadhi muda mrefu. Joto letu la Oktoba halina huruma. Siku ya kuinywa iwe imesimama tangu jana yake. Itie kwenye friji nusu saa, fungua, mimina polepole mkono usitikisike, na ukiona tope linakaribia shingo, acha. Pika mbuzi na uyoga wa masika, ule wa porini. Baba mpe glasi ndogo, soda ifiche.

SWALI: Waini kama hiyo inakwenda na mgebuka wa kuchoma? – Kijana wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Hapana. Mafuta ya samaki yakikutana na ukakasi huo, mdomo unabaki kama umelamba msumari. Mgebuka mpe ndimu na pilipili.