Pan European au Africa Twin kwa safari za Tanzania?

Kaka, umeuliza uchukue pikipiki ipi kati ya Honda ST1300 Pan European iliyotumika na Honda Africa Twin ya 2016, kwa safari za Dar–Iringa na siku moja Ziwa Natron ukiwa na shemeji nyuma. Chukua Africa Twin.

Sibezi Pan European. Kwenye lami inateleza kama meli, tangi lake la lita 29 unasahau vituo vya mafuta, na inatumia shafti, hakuna cheni ya kupaka oili. Ila ina zaidi ya kilo 300, tena iko chini. Matuta yetu unayajua. Niliwahi kupita moja kabla ya Mikumi na pikipiki ya namna hiyo, tumepakizana, ikakwangua tumbo hadi moyo ukasimama. Ukitoka Mto wa Mbu kwenda Natron, kwenye mawe na vumbi lile, ikilala chini utaiinuaje peke yako?

Africa Twin ina tairi la mbele la inchi 21 na rimu za spoki zenye tyubu, kwa hiyo pancha unaziba mwenyewe kando ya njia. Tangi ni lita 18.8, linatosha. Kiti ndiyo kiko juu, nenda ukakikalie kwanza na shemeji akiwa nyuma.

Siku ya kuikagua, inyanyue gurudumu la mbele lining'inie, kisha zungusha usukani taratibu. Ukikwama kidogo pale katikati, beringi za shingo ya usukani zimekwisha, mwambie muuzaji apunguze bei. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele, kisitoke na oili. Spoki zigonge moja moja, usikie kama kuna iliyolegea.