Re: Viola ya mgeni haikai tuni, na tucheze nini?

Habari mkuu. Yaani kwateti yenu (kundi la wapigaji wanne wa ala za nyuzi) ipo hapa Dodoma, mgeni wa viola, ile ala kama fidla ila kubwa kidogo, anatoka Dar, na akifika tu viola inatoka tuni katikati ya mazoezi. Anza na pegi, vile vijiti vya kukazia nyuzi. Dar kuna unyevu, huku kiangazi hewa kavu mno mbao inasinyaa pegi zinaachia zenyewe, kwahiyo azizungushe huku anazisukuma ndani, zikiendelea kuteleza apake chaki kidogo, na aje siku moja kabla bwana, sio ashuke treni apande jukwaani. Asiiweke karibu na feni.

Kuhusu cha kupiga, mtu wenu wa viola msimweke benchi, mgeni akiongezeka mnakuwa watano, chukueni kwinteti (kipande cha wapigaji watano) ya Mozart K. 515 au K. 516 (K. ni namba ya orodha ya kazi zake), zote za 1787 na zina viola mbili. Mi ningeanza na 515, ila ule mwanzo chelo, ile ala kubwa ya sauti nzito, inapanda pale chini unataka mtu haswa.