Haki ihesabiwe tangu mlangoni kwa mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama matibabu ni haki ya kila binadamu, au ni huduma kama nyingine ambayo mtu huipata kwa kadiri ya mfuko wake. Kwa maandishi, jambo hilo lilikwisha kuamuliwa zamani. Ibara ya 25 ya Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inayataja matibabu sambamba na chakula, mavazi na makazi, na ibara ya 16 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inampa kila mtu haki ya kuwa na afya bora ya mwili na akili kwa kadiri inavyowezekana. Linalonisumbua mimi niliyeko huku Kigoma ni kwamba haki hiyo tumezoea kuianzia kwenye dirisha la malipo, wakati kwa wengi wetu safari ya matibabu inakuwa imeshawamaliza kabla ya kulifikia.

Chukulia mjamzito wa kijiji cha mwambao wilayani Uvinza, aliyepatwa usiku na uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama asiweze kutoka. Sera inasema huduma ya uzazi kwake ni bure, na muuguzi wa zahanati, ambaye mara nyingi yuko peke yake, anafanya lililo ndani ya uwezo wake kwa kumwandikia rufaa. Tangu hapo kila kitu kina bei. Inatafutwa boti ya injini, inatafutwa petroli, ndugu wanachangishana, mwingine anakopa kwa tajiri wa dagaa kwa masharti atakayoyajutia baadaye, na ziwa likichafuka wote wanakaa ufukweni kusubiri upepo utulie. Akifika, huenda akaambiwa anunue glovu, pamba na mpira wa kutandika kitandani. Mwenzake wa mjini mwenye tatizo hilo hilo anapanda bajaji. Kisheria hawa wawili ni sawa, lakini mmoja wao anaweza kumpoteza mtoto, au akabaki na fistula, tundu linalomfanya avuje mkojo bila kukoma, kwa sababu ya mahali alipoolewa tu.

Mzee naye amesamehewa malipo, ila msamaha wake una ngazi za kupanda: barua ya mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya ustawi wa jamii, na mwisho wa yote sauti ya dirishani, «Dawa hiyo imekwisha, kanunue nje.»

Kwa nini hawalalamiki? Wangelalamika wapi? Ibara ya 11 ya Katiba yetu inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, lakini ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu ya Katiba yenye ibara hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Haki ya namna hiyo inamwacha mwenye nayo akiomba, na anayeomba hujifunza kushukuru kwa chochote.

Sidai kwamba hakuna kilichofanyika. Baada ya wagonjwa kuanza kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya hiari ya kaya, ulijaribiwa Igunga, kwa jirani zetu wa Tabora, mwaka 1996, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo inaweka pia utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Naiunga mkono sheria hiyo. Hata hivyo, bima inalipia kitanda na dawa, hailipii petroli ya boti. Na mchango wa mara moja kwa mwaka unamfaa mwenye mshahara kuliko mvuvi, ambaye mwaka 2024 shughuli zake katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Mkusanyaji wa michango akimfuata mwezi Julai, atamkuta na nini?

Wapo watakaosema fedha hazitoshi. Ni kweli kwamba hatuwezi kuweka daktari bingwa katika kila kata, na sioni sababu ya kudai hivyo. Lakini mkoa huu huu ulishuhudia vituo vya afya vya vijijini vikiwekewa vyumba vya upasuaji kwa msaada wa wafadhili, na madaktari wasaidizi wakifundishwa kuwapasua wajawazito papo hapo, bila kungoja hospitali kubwa. Ikiwezekana kwa fedha za wafadhili, haiwezi kushindikana kwa bajeti ya serikali ambayo, pamoja na wenzake wa Afrika, iliahidi mjini Abuja, Nigeria, mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya.

Kwa hiyo ningeomba kanuni za bima zitamke waziwazi kwamba usafiri wa rufaa ya dharura, wa majini na wa nchi kavu, ni sehemu ya matibabu. Kwamba mvuvi na mkulima waruhusiwe kulipa kwa awamu, msimu unaporuhusu. Na kwamba mgonjwa aliyetumwa kununua dawa nje apewe karatasi inayosema hivyo, yenye saini, ambayo anaweza kuipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya na kujibiwa kwa maandishi.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma