Maswali na Majibu ya Wasomaji: Kwa Meli hadi Kaskazini mwa Norway

Barua tatu tulizozichagua katika toleo hili zinahusu safari moja, nayo ni ile ya meli za pwani ya Norway zinazopita kwenye fiodi, yaani hori ndefu za bahari zilizopenya kati ya milima mirefu, na kuendelea hadi bandari za wavuvi katika eneo la Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga. Binti yangu anafanya kazi mjini Trondheim na amenialika nikamtembelee mwakani. Anataka kunikatia tikiti ya meli ya siku 12 kutoka Bergen hadi karibu na mpaka wa Urusi, kwenda na kurudi. Nimeona pichani zile meli zilizo kama majengo ya ghorofa, zenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za muziki, nami sipendi maisha ya namna hiyo. Je, nikubali? Na nikikubali, niende mwezi gani?
*Mama Mwalimu, Tanga*

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kubali, lakini usikubali siku zote 12, na usiende katika majira ya joto kama wengi watakavyokushauri. Nenda mwezi wa Machi.

Kwanza nikutoe hofu kuhusu meli yenyewe. Hizo ulizoziona pichani ni meli za anasa, ambazo nazo huingia kwenye fiodi za Norway kwa wingi kila mwaka, lakini anayotaka kukukatia binti yako ni meli ya kazi. Huduma hiyo ilianza tarehe 2 Julai 1893, siku ambayo nahodha Richard With aliondoka Trondheim na meli ya moshi iitwayo Vesteraalen kuelekea Hammerfest, mji wa kaskazini kabisa mwa nchi, kwa mkataba na serikali uliomtaka abebe barua, mizigo na abiria kwa ratiba maalumu, kiangazi na baridi, mchana na usiku. Wakati huo watu wengi waliona haiwezekani kusafiri gizani wakati wa baridi katika pwani iliyojaa miamba na visiwa, na barua ya kwenda Hammerfest iliweza kuchukua miezi kufika. With na rubani wake walikuwa wameandika kwa miaka mingi mwelekeo wa dira na muda wa kila kipande cha njia, na daftari hilo ndilo lililowapitisha. Leo kazi hiyo inafanywa na kampuni mbili, Hurtigruten na Havila, zenye meli 11 kwa jumla, na kila siku meli moja hung'oa nanga Bergen saa mbili na nusu usiku kuelekea kaskazini. Kuanzia Bergen hadi Kirkenes, mji wa mwisho wa njia ulio karibu na mpaka wa Urusi, kuna bandari 34.

Utaitambua tabia ya meli hizi katika bandari ndogo. Meli hufunga gatini, mlango wa ubavuni hufunguliwa, magari ya kunyanyulia mizigo hutoka na kuingia yakiwa na vyakula vya dukani, vipuri vya mashine au masanduku ya samaki, na baada ya robo saa hivi kamba hufunguliwa na safari huendelea. Utamwona mama aliyepanda na mfuko mmoja tu akienda mji wa pili kumwona daktari, maana mwenyeji anaruhusiwa kukata tikiti ya kituo kimoja bila kuchukua chumba cha kulala. Hakuna bwawa kubwa wala kumbi za maonyesho. Kuna mkahawa, sitaha ya kukaa na kutazama, na madirisha mapana. Ninaamini wewe utaipenda kwa sababu hiyo hiyo inayowafanya watafutao anasa waione ya kuchosha.

Sasa nieleze kwa nini nasema Machi. Watu huitazama pwani hii kama mandhari tu, wakasahau kwamba miji yake mingi ya kaskazini isingekuwapo bila samaki. Kila mwaka, kuanzia Januari hadi Aprili, samaki aitwaye skrei huondoka Bahari ya Barents na kushuka hadi visiwa vya Lofoten kutaga mayai katika ghuba ya Vestfjorden. Ni samaki wa jamii ile ambayo ini lake hukamuliwa mafuta yanayouzwa kwenye maduka ya dawa. Boti za wavuvi humfuata kwa mamia, na anapofika nchi kavu hukatwa kichwa, huondolewa matumbo, hufungwa wawili wawili kwa mkia na kutundikwa juu ya vichanja virefu vya miti vilivyosimama nje, hata karibu na nyumba za watu. Sisi wa pwani tunajua kazi ya ng'onda, lakini hapa hakuna chumvi hata punje na jua halihesabiwi. Upepo na baridi iliyo karibu na sifuri ndivyo vinavyomkausha hadi Mei, akawa mgumu kama gogo na mwepesi kubebeka. Baridi ikizidi, samaki huganda na nyama yake kuharibika; ikipungua, nzi na uozo huingia. Lofoten imebahatika kuwa katikati, kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hupita karibu, nao ndio unaozifanya bandari hizi zisigande hata wakati wa baridi kali.

Samaki huyo aliyekaushwa huuzwa zaidi Italia, lakini vichwa vyake hutungwa kwenye kamba, hukaushwa peke yake na kusafirishwa hadi Nigeria, ambako huko mashariki humwita okporoko na kumtia kwenye mchuzi. Norway ilipeleka samaki wa aina hii kama msaada wakati wa vita vya Biafra, eneo la mashariki ya Nigeria lililotaka kujitenga, kati ya 1967 na 1970, na mapenzi ya watu wa huko kwa chakula hicho yaliongezeka tangu hapo. Kwa hiyo, Mwalimu, utakaposimama chini ya vichanja hivyo utakuwa unatazama chakula ambacho sehemu yake itapikwa Afrika.

Machi ina faida nyingine mbili. Ifikapo tarehe 20 hivi, mchana na usiku hulingana karibu kila mahali duniani, hivyo jua litakuchea na kukuchwea kama ulivyozoea Tanga, wala hutasumbuliwa na giza la Desemba au mwanga usiokoma wa Juni. Na kwa kuwa usiku upo, unaweza kuiona ile mianga ya kijani inayocheza angani, ikiwa mawingu yataondoka. Katika majira ya joto hutaiona kamwe, kwa sababu mbingu hazipati giza.

Unachokosa Machi ni fiodi ya Geiranger, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2005, kwa kuwa meli hizi huingia huko katika majira ya joto tu. Ni hasara ya kweli na sitaipunguza. Lakini njia nzima imepita kando ya milima iliyochongwa na barafu zamani hizo, na utashiba kuitazama.

Mpango wangu ni huu. Panda Trondheim asubuhi, kwa kuwa ndiko atakakokuwa mwenyeji wako. Kesho yake asubuhi mtavuka Duara la Aktiki, yaani mstari wa ramani unaoonyesha mwanzo wa eneo la Aktiki, penye kisiwa kidogo chenye mnara wa umbo la tufe, na mabaharia watakumiminia barafu mgongoni kama ilivyo desturi yao, ukikataa hawatakulazimisha. Alasiri mtavuka Vestfjorden kutoka Bodø, na siku inayofuata mtafika Tromsø. Tembea mjini, kisha uchukue meli inayorudi kusini, ambayo huondoka usiku wa manane. Mchana wake itasimama Stokmarknes, mji mdogo ambako Richard With alianzisha kampuni yake ya meli, penye jumba la makumbusho ambamo meli nzima ya mwaka 1956, Finnmarken, imehifadhiwa ndani ya jengo la vioo. Alasiri itapita mlango mwembamba wa bahari uitwao Raftsundet, ambako milima hukaribia mno pande zote mbili, na jioni itakushusha Svolvær. Hapo lala siku mbili tatu kati ya wavuvi, kisha upande meli nyingine yoyote ya kusini, maana hupita kila siku. Mwombe binti yako akate tikiti hizo tatu kwa vipande, na kila kipande kikiwa na chumba.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tunafikiria safari hii mwezi wa Juni. Tumeambiwa jua huko halizami. Tutaswali vipi Magharibi na Isha? Na chakula chetu kitakuwaje?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Ni kweli mliyoambiwa, ila si kwa njia yote. Bergen jua huzama hata Juni, ingawa usiku sana. Mkishavuka Duara la Aktiki, siku ya nne ya safari, mambo hubadilika. Mjini Tromsø jua halizami tangu takriban tarehe 20 Mei hadi karibu 22 Julai, na huko Nordkapp, rasi iliyo kaskazini zaidi, kipindi hicho ni kirefu zaidi.

Wanazuoni wa zama hizi wamelizungumza jambo hili, na kauli zinazosikika zaidi ni mbili. Kuna wanaosema mtu akadirie nyakati zake kwa kufuata mji wa karibu ambako usiku na mchana bado vinatengana, na kuna wanaosema afuate nyakati za Makka. Waislamu wanaoishi Tromsø, ambao wana msikiti wao, hukutana na suala hili kila mwaka. Mwulizeni sheikh wenu kabla ya kuondoka, mshike kauli moja na kuiandika ratiba kwenye karatasi, kwa sababu ukiwa umechoka na jua linawaka saa sita usiku ni rahisi kupoteza hesabu ya siku. Kumbukeni pia kwamba msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala. Kibla kutoka huko kiko upande wa kusini-mashariki, lakini meli hugeuka mara kwa mara, na dira ya simu huweza kudanganyika karibu na chuma kingi, kwa hiyo tazameni ramani ya safari inayoonyeshwa ndani ya meli kabla ya kutandika mswala.

Chakula hakitawasumbua mkiegemea samaki, ambao ni wengi na wabichi kweli, pamoja na kaa wakubwa wanaovuliwa karibu na Kirkenes. Hao waliletwa na Wasovieti upande wa Murmansk katika miaka ya 1960, wakatambaa hadi Norway. Nyama waulizeni kwanza, na ombi la chakula maalumu lipelekwe wakati wa kukata tikiti, si siku ya kupanda.

SWALI: Bwana Mhariri, bahari hunilevya hata kwenye boti ya Zanzibar. Je, nitaweza safari hii? Na viza yake hupatikanaje?
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Utaweza, ndugu yangu, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa na maji yake hutulia. Sehemu za wazi ni chache: rasi ya Stad, Hustadvika, Vestfjorden, na Bahari ya Barents baada ya Nordkapp. Chukua chumba cha chini, katikati ya meli, mbali na omo na tezi. Meza dawa kabla ya mawimbi kuanza, na usikae na tumbo tupu. Ukiogopa bado, shukia Tromsø, kwani utakuwa umeikwepa Barents.

Norway haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ni ya Schengen, nayo huombwa katika nchi unayoishi kihalali. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasicheleweshwe hadi zibaki siku chini ya 15. Jambo moja hunyamaziwa na mawakala: meli nyingine, zisizo hizi za kila siku, huendelea hadi visiwa vya Svalbard, ambavyo ni vya Norway lakini haviko ndani ya Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akienda huko atakuwa ameitumia viza yake, na hataruhusiwa kurudi bara. Kama Svalbard imo kwenye mpango wako, omba viza ya kuingia mara mbili tangu mwanzo.